Simu mbovu zinazonunuliwa mitaani kwa mizani: zikichakatwa, nani ananufaika na nani anaumia?

1. Mkazi_wa_Temeke
Habari za leo wakuu. Mtaani kwetu hupita vijana wenye vipaza sauti wakitangaza kwamba wananunua simu mbovu, betri za simu na kompyuta zilizokufa. Simu iliyonunuliwa dukani kwa laki tatu wanaichukua kwa bei ya nauli ya daladala, na hawajali kama kioo kimepasuka au imezama majini. Nilipomuuliza mmoja wao wanazipeleka wapi, alijibu kwamba zinakwenda kwa tajiri, na tajiri anazipeleka nje. Zaidi ya hapo hakujua.

Tunaambiwa kwamba kuchakata simu kuu kuu ni kulinda mazingira. Dai langu ni kwamba, kwa jinsi kazi hii inavyofanyika sasa, tunaitoa sumu kabatini kwa mwenye uwezo na kuihamishia mapafuni mwa asiye na uwezo. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na mambo anayoyajua.

2. Fundi_Aggrey
Salaam mkuu. Mimi ni fundi simu Kariakoo, na vijana unaowasema ni watu ninaofanya nao biashara kila wiki. Simu nyingi zinazoitwa mbovu hazifiki kwenye kuchakatwa kabisa, kwa sababu zinafunguliwa spea kwanza. Simu ikifika mezani naipasha moto mgongoni hadi gundi ilegee, nainua mfuniko kwa kadi nyembamba, nachomoa betri kabla sijagusa kitu kingine, kisha natoa kamera, spika na kibao cha chaji, na mwisho kabisa bodi, yaani kibao kikuu chenye saketi za simu. Kioo kizima cha simu iliyokufa bodi kinaifufua simu ya mwanafunzi ambaye asingeweza kununua nyingine, na hilo halihitaji tanuri wala tindikali.

Inayokwenda kwa mnunuzi wa kilo ni bodi isiyo na matumaini. Bodi za simu za kitochi za zamani huwa na bei nzuri kuliko za simu nyingi za kupangusa za bei ya chini, kwa sababu zilipakwa dhahabu zaidi kwenye viunganishi. Kwa hiyo anayesema kila simu mbovu ni sumu iliyo safarini anaruka hatua nyingi za katikati, ambazo ndizo zinazowalisha watu wengi hapa mjini.

3. Mwalimu_Fizikia
Naongeza hesabu ili tuelewe kwa nini huyo tajiri yupo. Shirika la Mazingira la Marekani lilikadiria kwamba simu milioni moja zikichakatwa hutoa zaidi ya kilo 15,000 za shaba, kilo 350 za fedha, kilo 34 za dhahabu na kilo 15 za paladi. Kwa makadirio hayo, simu thelathini hivi zinatoa gramu moja ya dhahabu. Tukichukulia kwamba simu moja ina gramu 100, tani moja ni simu 10,000, yaani gramu 340 za dhahabu, wakati migodi mingi huchimba mwamba wenye gramu chache tu kwa tani.

Tusizikuze simu kupita kiasi, hata hivyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo; kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Lakini tani hizo ni za friji, televisheni, feni na kila kitu kinachotumia umeme. Vifaa vidogo vya mawasiliano na kompyuta, simu zikiwemo, vilikuwa tani milioni 4.6.

4. Binti_Changamwe
Asante mwalimu. Mimi ni wa Mombasa, na kwetu jambo hili lina makaburi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi ofisini humo, alimpima mtoto wake aliyekuwa mgonjwa, akamkuta na madini ya risasi mwilini, na kutoka hapo akaanza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hukumu hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa, na ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu iliirejesha. Wapo waliozikwa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi kabisa, kwa sababu kile nacho kiliitwa kiwanda cha kuchakata.

5. Mhandisi_Tanga
Pole sana dada, na kesi hiyo kila mtu wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Lakini tutenganishe mambo, maana betri zilizoyeyushwa Owino Uhuru zilikuwa za magari, ambazo uzito wake mkubwa ni risasi yenyewe. Betri ya simu ni ya lithiamu na haina risasi. Pia tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi, zebaki, kadimiamu na baadhi ya kemikali za kuzuia moto katika vifaa vinavyouzwa huko, na watengenezaji wakubwa wa simu walibadili lehemu yao kwa soko lote la dunia. Kwa hiyo simu ya kitochi ya mwaka 2003 na simu ya kupangusa ya mwaka 2018 hazina sumu ileile.

Namsahihisha na mleta uzi kidogo: simu iliyolala kabatini haimdhuru mtu, ila betri yake ikivimba. Madhara yanaanza pale mtu anapoichoma au kuiloweka kwenye tindikali. Plastiki yenye klorini au bromini ikiungua kwa moto mdogo wa uwanjani huzalisha dioksini, aina ya sumu kali, na tindikali inayomung'unya dhahabu kwenye bodi huishia kumwagwa mtaroni ikiwa na shaba, nikeli na mabaki mengine. Sehemu kubwa ya sumu tunayoizungumzia inazalishwa na njia ya kazi.

6. Binti_Changamwe
Tofauti ya betri naifahamu, Mhandisi. Ninachokisema ni kwamba kiwanda kile kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu, na wananchi walipolalamika walionekana wanapinga maendeleo. Kesho kikija cha simu, nani atasimamia?

7. Msomi_wa_Accra
Niliishi Ghana kimasomo, na kila anapotajwa mtu anayechoma vifaa watu huleta picha za Agbogbloshie. Palikuwa soko la vyuma chakavu kando ya wangwa wa Korle, jijini Accra, lenye mafundi, wauza spea na wapima mizani, na pembeni yake vijana waliokuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba. Kuni zao zilikuwa matairi na sifongo ngumu inayotolewa ndani ya kuta za friji. Moshi wake ni mweusi na mzito, unakaa nguoni hata baada ya kufua. Mwaka 2019 wanaharakati wa mazingira walichapisha vipimo vya mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula pale, na mtu mzima akila yai moja tu alikuwa anavuka mara 220 kiwango cha dioksini kinachokubalika Ulaya kwa siku.

Kuna mambo mawili ambayo picha hazisemi. Nyaya nyingi zilizochomwa zilitoka kwenye magari na friji, si kwenye simu, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilikuwa imetumika Ghana kwenyewe miaka mingi kabla ya kufa. Halafu Julai 2021 serikali ililibomoa soko lile, na uchomaji ukatawanyika kwenye maeneo ya jirani, karibu zaidi na vyumba vya kulala watu. Ukivunja sehemu ya kazi bila kuwapa watu njia nyingine ya kumenya shaba, wanaondoka na moto wao.

8. Mswahili_Antwerp
Nawasalimu nikiwa Ubelgiji. Nimeona wengi wanaamini kwamba simu ikishafika Ulaya mambo yamekwisha salama. Bodi nyingi zinazokusanywa Afrika kwa njia halali huishia kwenye matanuri machache sana duniani, na mojawapo ni la kampuni ya Umicore lililoko Hoboken, kiungani mwa mji ninaoishi. Tanuri hilo linatoa metali 17 tofauti, na kitaalamu ni miongoni mwa bora kabisa. Hata hivyo mwaka 2020 watoto wa mtaa wa Moretusburg, uliopakana na ukuta wa kiwanda, walipimwa wakakutwa risasi imepanda kwenye damu yao. Wazazi walishauriwa kufuta vumbi ndani kwa kitambaa chenye maji, kuwanawisha watoto mikono kila wanapotoka kucheza, na kuwa waangalifu na mboga za bustanini. Kampuni ilijitolea kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili pawe na ukanda wa kijani.

Ninayesema haya nina watoto wanaocheza na watoto wa huko. Kama mtambo wenye vichujio vya kila aina bado unawafikia watoto wa jirani zake, basi yule anayefanya kazi ileile kwa karai na jiko la mkaa amesimama wapi?

9. Mwalimu_Fizikia
Ushahidi mzito, ndugu. Nyongeza ya kutenda haki tu: tanuri la Hoboken linayeyusha pia mabaki ya viwanda vingine vya metali, ambayo yana risasi nyingi, na eneo lile limekuwa na kiwanda cha metali tangu karne ya 19. Risasi ya watoto wale hatuwezi kuibandika yote kwenye bodi za simu.

10. Mwana_wa_Kolwezi
Jamani, mbona mnazungumzia mwisho wa simu tu? Mimi natoka Lualaba, ambako mwanzo wa simu unatuhusu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Betri moja ya simu ina gramu 5 hadi 10 za kobalti. Hapa Kolwezi kuna migodi mikubwa ya makampuni, na kuna wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo waliyoyachimba kwa mikono, mengine chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa Katanga. Wanaookota na kuosha mawe mtoni ni akina mama na watoto, wamesimama majini tangu asubuhi.

Kwa hiyo kila betri inayotupwa kwenye dampo la Pugu au la Dandora ni mawe ambayo mtu wa kwetu atatumwa kuyachimba upya. Mimi nasema chakateni, na chakateni zaidi, mkianza na betri.

11. Bahati_Goma
Kaka wa Kolwezi, kwa kobalti nakubaliana nawe. Kwa koltani hapana. Rubaya, kule Masisi, Kivu Kaskazini, inatoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia, na tangu 2024 migodi yake imo mikononi mwa waasi wa M23, wanaotoza ushuru kila kilo inayotoka. Tantali inayotokana na koltani imo ndani ya simu nyingi, katika vifaa vidogo kuliko punje ya mchele vinavyotunza chaji kwenye bodi. Bodi ikiingia kwenye tanuri la shaba, dhahabu na paladi vinashuka pamoja na shaba iliyoyeyuka na baadaye vinatenganishwa, lakini tantali inapanda na makapi. Makapi hayo yanakwenda kwenye zege na barabara, na tantali yake haiokolewi. Tantali inayookolewa kutoka kwenye vifaa vilivyokwisha matumizi ni chini ya asilimia 1.

Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au wa Brussels anapoambiwa kwamba akirudisha simu yake atapunguza vita ya Kivu, anaambiwa jambo ambalo teknolojia ya leo haiwezi kulitimiza. Kinachochakatwa ni kile chenye faida kwa mwenye tanuri. Naisema hii kwa uchungu, kwa sababu jina letu hutumika sana katika matangazo ya makampuni.

12. Mama_Zawadi
Ahsanteni kwa elimu. Mimi ni muuguzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa taarifa yake mwaka 2021 lilikadiria kwamba wanawake hadi milioni 12.9 wamo katika ukusanyaji na uchambuzi usio rasmi wa taka, na hilo liligusa yale ninayoyaona kliniki. Anayeumia kwanza si lazima awe yule aliyeshika bodi. Baba anafungua bodi na kuunguza nyaya, anarudi nyumbani na shati lilelile, anampakata mtoto. Mtoto wa miaka miwili anatia kila kitu mdomoni, na mwili wake unafyonza risasi kwa kiwango kikubwa kuliko wa mtu mzima. Mama anafua shati lile kwa mikono, kwenye beseni ambalo jioni linaogea watoto.

Kule Guiyu, China, ambako kuchambua vifaa vya kielektroniki kulikuwa kazi ya kila nyumba, watafiti walichapisha mwaka 2007 vipimo vya watoto 165: wastani wa risasi ulikuwa mikrogramu 15.3 kwa desilita ya damu, wakati mji wa jirani usiofanya kazi hiyo ulikuwa na 9.94. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ninapowashauri akina mama wafue nguo za kazi peke yake, huwa naona ni ushauri mdogo mno mbele ya jambo kubwa, lakini ndio ninaoweza kuutoa siku ileile.

13. Mkazi_wa_Temeke
Shukrani dada, hili la shati sikuwahi kulifikiria. Fundi Aggrey, naona uzi umekuelemea huku ukiitetea meza yako. Betri unazozichomoa zinakwenda wapi? Maana bodi zina mnunuzi, betri sijasikia bei yake.

14. Fundi_Aggrey
Meza naitetea kwa sababu naijua, mkuu. Betri ndiyo mtihani wetu. Iliyo nzima inarudi kwenye simu nyingine. Iliyochoka baadhi ya vijana wanaitengenezea taa au chaja ya kubebea. Iliyovimba hakuna anayeitaka. Mimi naziweka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na jua, kwa sababu betri ikitobolewa kidogo tu na bisibisi inatoa moshi mweupe wenye harufu tamu tamu inayobana kifua, halafu inawaka, na maji ya kikombe hayaizimi. Ndoo ikijaa nampa mkusanyaji, na si kila mkusanyaji anaipokea. Wengi wa wenzangu wanazitupa na taka za kawaida, zinapakiwa kwenye gari na kupelekwa dampo, na huko zinawaka.

Nataka pia niseme jambo ambalo halijatajwa. Siku hizi napokea simu nzima kabisa ambazo haziwezi kutumika: simu za mkopo zilizofungwa kwa mbali baada ya mnunuzi kushindwa rejesho, au simu zilizofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza ambaye hayupo. Kioo kizima, betri nzima, bodi nzima, na kwa kuwa bodi imefungwa inaishia kwenye kilo pamoja na zilizooza. Kifaa kinakufa kwa amri ya programu kikiwa na afya.

15. Karani_Nairobi
Kufa kwa amri tumekuona pia upande wa serikali. Kenya ilizima simu bandia mwisho wa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Sababu zilikuwa za msingi, lakini simu nyingi ziligeuka taka kwa usiku mmoja, na hapakuandaliwa vituo vya kuzikusanya kwa wingi ule.

Kuhusu ukusanyaji, hapa Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre, na Rwanda wana mtambo wa Bugesera unaofungua vifaa vya kielektroniki kwa utaratibu. Uwezo wa kufungua upo. Shida yetu ni kwamba simu hazifiki huko. Mwenye mkokoteni wa mali kwa mali anakupa beseni jipya mlangoni kwako, wakati kituo rasmi kinataka upande matatu mawili ukapeleke simu yako bure. Na wengi hawaitoi kabisa, wanaogopa picha zao, jumbe zao na namba zao za pesa kuangukia mikononi mwa mtu. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zilizofuata 2024 zinamtaka mzalishaji na mwagizaji alipie mwisho wa bidhaa yake. Zikitekelezwa, bei ya kituo inaweza kushindana na beseni.

16. Msafirishaji_Chakavu
Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita matajiri, ingawa ningependa mje mwone vitabu vyangu. Nina kibali, vijana wangu wana glavu na barakoa, na hatuchomi kitu. Bodi lazima ziende nje, kwa sababu tanuri la aina ile linahitaji mzigo mkubwa wa kudumu na mtaji ambao sisi hatuna. Sasa tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi, unataka ridhaa ya maandishi kwa kila shehena ya taka za kielektroniki, iwe ya hatari au isiyo ya hatari, kutoka nchi inayotuma, inayopokea na zote ambazo meli itapita. Bandari moja isipojibu barua, kontena linakaa. Aliyekiloweka kibao kwenye tindikali uani kwake haombi ridhaa ya mtu, na jioni ana pesa. Kanuni iliyowekwa ili kutulinda inamwumiza anayeifuata.

17. Wakili_Moshi
Heshima kwako, Msafirishaji, lakini kanuni hizo hazikutoka hewani. Mwaka 1988 mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yaligunduliwa yakiwa yamehifadhiwa uani kwa mtu katika mji wa Koko, Nigeria, kwa kodi ndogo ya mwezi. Mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Basel, na 1991 nchi za Afrika zikaandika wa kwao Bamako. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa bandarini Lagos mwaka 2015 na 2016 ulikuta takriban tani 60,000 za vifaa vilivyotumika zikiingia kila mwaka, na angalau asilimia 19 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Mlango ukilegezwa kwa bodi zako zinazotoka, utalegea pia kwa takataka zinazoingia. Tanzania nasi tuna kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021, na ninachokiona mahakamani ni kwamba anayekamatwa ni mwokotaji asiye na kibali, ilhali mwagizaji wa kontena la simu zisizodumu hata miaka miwili hajawahi kuitwa.

18. Mswahili_Antwerp
Wakili amenikumbusha upande wa uzalishaji. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya simu, kwa makadirio mengi ya watengenezaji wenyewe, hutoka kabla haijawashwa mara ya kwanza: migodini, kwenye viwanda vya chipu na usafirishaji. Kuirudisha kwenye tanuri kunaokoa metali, lakini hakurudishi nishati iliyotengeneza chipu. Ndiyo maana namuunga mkono Fundi kuliko mtu mwingine yeyote humu. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huku ziwe na spea kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya programu kwa miaka 5. Swali langu ni kwamba simu zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika zitakuwa na sharti hilo au zitaachwa?

19. Bahati_Goma
Simu ikidumu miaka 7 badala ya miwili, tantali inachimbwa kidogo. Hilo ndilo jibu pekee humu linalofika Rubaya.

20. Mwana_wa_Kolwezi
Linafika, lakini mchimbaji mdogo wa Kolwezi ukimwambia kobalti haitakiwi tena, watoto wake watakula nini mwaka wa kwanza? Bei iliposhuka mashimo hayakufungwa, watu walishuka chini zaidi ili wapate uzito uleule wa pesa. Mimi nataka betri zichakatwe na pia nataka aliyekuwa akichimba apewe kazi ya juu ya ardhi. Katika mijadala hii sijaona bajeti ya hilo la pili.

21. Mama_Zawadi
Narudi kwa Msafirishaji. Wewe unanunua bodi kwa kilo kwa sababu zina dhahabu. Betri, plastiki na vioo unamwachia kijana wa mkokoteni, naye anaviacha mtaroni tunakochota matope kila masika. Kwa nini usinunue simu nzima, pamoja na betri yake, na bei ya bodi ibebe gharama ya vingine?

22. Msafirishaji_Chakavu
Dada, nilifanya hivyo. Mshindani wangu asiye na kibali akaongeza bei ya bodi tupu, na ndani ya mwezi vijana wote wakawa wananiletea magamba ya plastiki na betri zilizovimba, bodi zimekwenda kwake. Betri zile nimezihifadhi kwenye mapipa yenye mchanga hadi leo, kwa sababu meli nyingi hazitaki kupakia betri za lithiamu zilizoharibika, na mwenye kuzipokea huko Ulaya anataka nimlipe mimi. Mwagizaji wa simu akichangia hata kidogo kwa kila simu inayoingia bandarini, na fedha hiyo ikalipwa kwa kilo ya betri iliyokabidhiwa, nitanunua simu nzima kuanzia siku hiyo.

23. Wakili_Moshi
Mchango huo usipoandikiwa mfuko wake wa pekee utaingia hazina kuu na hautaiona betri hata moja. Ghana waliandika tozo ya aina hiyo kwenye sheria yao ya 2016. Kesho nitaweka humu vifungu vinavyohusu mfuko wake, tulinganishe na kanuni zetu za 2021.

24. Fundi_Aggrey
Viweke, wakili. Na kama kuna mjumbe wa Mwanza au Mbeya anayemjua mkusanyaji mwenye kibali anayepokea betri zilizovimba, aniandikie faragha, nina mafundi wenzangu huko waliojaza ndoo na hawana pa kuzipeleka.